Mmoja Tu Aliimba

Uhakiki ulionipatia kazi Nairobi ulimsifu mwimbaji kwa namna alivyoufungua mdomo wake jukwaani. Mwimbaji huyo hakuufungua. Alisimama mbele ya kamera za televisheni wimbo mzima, sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, midomo yake imefungwa kama ya mtu anayevuka barabara yenye vumbi. Kila aliyekuwa na tivi iliyowaka aliona. Mimi, niliyekuwa nimeandika jina lake daftarini na kulipigia mstari mara mbili, sikuona, kwa sababu betri ya gari tuliyotumia kuwashia tivi iliishiwa nguvu. Na betri hiyo niliichukua kwa fundi mimi mwenyewe kabla haijajaa.

Nisingeyaandika haya kama si mazishi ya Januari iliyopita. Mama Ciku, aliyekuwa jirani yangu Mugutha miaka ya tisini, alinitumia ujumbe: "Mama ya Nyokabi ametuacha. Tunazika Alhamisi huko Gatuanyaga. Kuja na leso, kuna vumbi." Nilikuwa jikoni kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari, nachambua mchele. Nilisoma ule ujumbe, nikaendelea kuchambua, nikamaliza mchele wote, kisha nikauchambua tena upya. Zaidi ya miaka ishirini na mitano nilikuwa sijamwona Nyokabi. Tulikaa chumba kimoja mwaka mmoja kasoro wiki mbili, na katika vyumba vyote nilivyolala tangu hapo, vingine vikiwa na maji ya moto na zulia, hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho.

Kilikuwa cha tatu kutoka langoni, katika ploti ya vyumba kumi, wakati Mugutha bado ni mashamba ya kahawa yenye nyumba hapa na pale. Stima ilikuwa haijafika. Tulikuwa na vitanda viwili, pazia la maua mekundu katikati, stovu ya mafuta ya taa juu ya kreti ya soda, na meza moja ambayo mguu wake mmoja ulikaa juu ya kamusi yangu ya zamani. Ukuta wa mkono wa kulia ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo alilala Baba Ciku. Alikuwa mtu wa shifti ya usiku katika kiwanda cha nguo, akirudi asubuhi macho mekundu, na usingizi wake wa mchana ulikuwa sheria ya ploti nzima. Watoto walifukuzwa wakachezee nje ya lango. Sufuria ziliwekwa chini polepole. Nasi wawili, tuliokuwa tumetenganishwa naye na ubao mwembamba kama kidole, tulijifunza kuongea bila sauti. Nyokabi alichezesha midomo, nami nikasoma. Mwanzoni tulikosea na kucheka, na kucheka kwenyewe kukawa tatizo. Baada ya miezi miwili nilimsoma hata akiwa amegeuza uso nusu, akikoroga uji. Nilijua kwa midomo yake peke yake kama anasema mafuta yameisha au ananitania kuhusu yule mwalimu wa Ruiru aliyekuwa akiniazima vitabu nisivyovisoma.

Nyokabi alifanya kazi katika shamba la maua, kwenye chumba cha baridi, akifunga waridi za kupelekwa ng'ambo. Baridi hiyo ilimkwaruza koo, kwa hiyo kila jioni alisukutua maji ya vuguvugu yenye chumvi, akitema kando ya mfereji, huku wanawake wa ploti wakimwuliza kama ni mimba. "Ni sauti," alijibu. "Inazaliwa Jumapili." Mwezi wa Ramadhani hakupika chumbani mchana hata siku moja. Nilimwambia mara nyingi kwamba harufu ya githeri haiwezi kunivunjia saumu, lakini alikula hindi la kuchoma kando ya reli, akaja na meno yenye masizi, na magharibi ikifika alikuwa tayari amekoroga uji wa wimbi, akaweka tende mbili juu ya kisahani. Mbili, kila siku. Sijui alizinunua wapi, kwa sababu Mugutha tende hazikuuzwa. Nimekula futari katika hoteli kubwa tangu wakati huo, meza zimejaa, na nimejikuta nikitafuta kisahani kidogo.

Mimi nilikuwa mwandishi wa gazeti la wiki la Thika, kurasa nane, lililochapishwa kwenye mtambo uliochapisha pia risiti na kadi za harusi. Niliandika habari za mahakama, bei za mboga, na safu ya muziki iliyoitwa Sikio. Kila Jumapili alasiri niliketi katika ukumbi au hoteli moja kati ya Thika na Ruiru, meza ya karibu na mlango, nikaandika nani aliimba, nani alipiga na nani alikosea. Ilikuwa miaka ambayo waimbaji wengi walikuwa wameanza kupanda jukwaani na kanda. Fundi wa mitambo alibonyeza kitufe, muziki ukatoka, na mwimbaji akachezesha midomo. Niliita hiyo kutafuna hewa, na nilikuwa mkali juu yake kwa namna ambayo ni kijana tu anayeweza kuwa mkali. Niliwataja kwa majina. Nyokabi alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Namkumbuka jioni moja ya Jumatatu, Baba Ciku akiwa ameshaenda kazini na kwa hiyo tukiwa na ruhusa ya sauti, ameketi kitandani na gazeti, miguu ndani ya beseni.

"Zuu," alisema. Jina langu ni Zuhura, lakini hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo. "Huyu umemmaliza. Ati alitafuna hewa mpaka akashiba! Si utapigwa siku moja?"

"Nani atanipiga? Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo. Lakini huyo pia ako na mama, na mama anasoma." Akageuza ukurasa. "Na mimi? Siku nikitafuna hewa utaniandika?"

"Ukurasa mzima."

"Apa."

"Wallahi."

"Haiya!" alisema, akanirushia maji ya beseni kwa vidole vya mguu. "Naishi na polisi."

Bendi yake ilikuwa ya watu watano, ikipiga Jumapili katika hoteli moja karibu na stesheni ya Thika, na wimbo waliojulikana nao ni Nyokabi aliyeutunga. Ulimhusu mama yake pale Gatuanyaga, anavyosimama langoni kumsubiri punda wa maji, akihesabu mawingu ambayo hayanyeshi. Wimbo wa kawaida, ukiusoma kwenye karatasi. Kilichoufanya kuwa wake ni pumzi. Kabla ya kiitikio alinyamaza, akavuta hewa kwa nguvu, mabega yakapanda, na ungeisikia ile hewa ikiingia hata ukiwa nje kwenye maegesho, kama mtu aliyebeba mtungi anayejiandaa kusimama. Halafu akaimba. Walipoenda Nairobi kurekodi, fundi wa studio aliikata ile pumzi. Nyokabi alirudi Mugutha amekasirika kiasi kwamba alisahau usingizi wa Baba Ciku. "Ati ni uchafu!" alisema kwa sauti. "Pumzi yangu ni uchafu, Zuu!" Ubao ukagongwa mara mbili kutoka upande wa pili. Akamalizia kwa midomo mitupu: akasema angemuonyesha fundi huyo siku moja, mbele ya watu.

Nataja jambo hili kwa sababu ni ushahidi dhidi yangu. Nilijua kanda haina pumzi. Niliambiwa, chumbani mwangu, mwezi wa tano.

Mwezi wa nane habari ikaja kwamba bendi imechaguliwa kuimba kwenye hafla ya tuzo za muziki, ambayo ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni Jumapili alasiri. Sijaona tena chumba kikifurahi vile. Mama Ciku alishona gauni la kijani kwa cherehani yake. Nyokabi alifanya mazoezi kila asubuhi bila sauti, kwa heshima ya ubao, akisimama mbele ya kioo kilichopasuka kona, nami nikiwa kitandani na chai. Nimekwisha kuandika kuhusu mamia ya waimbaji, na hakuna mdomo ninaoufahamu kama nilivyoufahamu ule: jinsi taya lilivyoshuka kwenye neno "maji", jinsi alivyobana midomo kidogo kabla ya kuachia noti ndefu. Mimi nilitaka kwenda ukumbini. Bwana Githinji, mhariri wetu, aliomba kadi ya waandishi, akajibiwa kwamba kadi ni za magazeti ya Nairobi. Basi ningeangalia kwenye tivi ya Baba Ciku, kama watu wengine wote wa ploti.

Tivi yenyewe ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na iliendeshwa kwa betri ya gari. Betri ilichajiwa kwa Kariuki, fundi aliyekuwa na kibanda cha mabati na jenereta kituoni. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye haja, nilijitolea kuipeleka. Niliipeleka Jumamosi asubuhi kwa toroli, na nikarudi kuichukua saa nane mchana.

"Dada, hii bado," Kariuki aliniambia. "Wacha ilale hapa. Kuja kesho saa nne."

"Kesho saa nne niko Thika napeleka kurasa. Nipe tu."

"Nikikupa saa hii itakubeba masaa mawili. Ukiwa na bahati."

"Itatosha."

"Hiyo show ni masaa matatu, dada. Mimi pia nasoma gazeti."

Nilikuwa mtu wa ratiba. Bado ni mtu wa ratiba. Jumapili yangu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi kwa saa na nusu saa, na hakukuwa na mstari wa kumrudia Kariuki. Niliichukua. Langoni Baba Ciku, aliyekuwa anapiga mswaki, aliniuliza kama imejaa. Nikasema imejaa.

Kesho yake alasiri tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba chake. Alikuwa amekatiza usingizi wake kwa ajili yetu, akaketi kitandani na shati la kuendea kanisani. Kulikuwa na chapati, na chai ya tangawizi ndani ya sufuria kubwa. Hotuba zikaanza. Mkubwa mmoja akasoma, mkubwa mwingine akamshukuru aliyesoma. Mama Ciku akasema, "Zima hiyo kwanza, tuwashe Nyokabi akikaribia. Hii hotuba inakula betri." Watu wa betri wote walijua ujanja huo. Kila nyumba ilifanya hivyo, kuzima wakati wa matangazo na kuwasha wakati wa taarifa.

"Hapana," nilisema. "Lazima niwaone wote. Nitawapima aje bila kuwaona?"

"Mwache," Baba Ciku alisema. "Imejaa."

Niliwapima wote. Waimbaji sita walipanda, na wote sita walitafuna hewa. Mmoja alikuwa na gita ambalo halikuwa na waya. Mwingine alishusha maikrofoni kumpungia mtu mkono, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Chumba kilicheka. Mimi niliandika kwa furaha mbaya, sentensi kali zikija zenyewe, kwa sababu nilijua nani anafuata na nilitaka ukuta mweusi wa kumsimamisha mbele yake. Mtangazaji akataja bendi. Akataja Nyokabi. Ploti nzima ikapiga yowe. Tukaliona gauni, ambalo kwenye tivi ile lilikuwa la kijivu, tukamwona akitembea hadi kwenye maikrofoni. Kawaida yake ilikuwa kutazama chini mpaka kiitikio. Safari hii aliinua uso na kutazama mbele, moja kwa moja, kama anatutazama sisi. Hapo picha ikaanza kujikunja kutoka pembeni. Ikawa mraba, ikawa kitu kama bahasha, ikawa mstari, halafu nukta moja nyeupe katikati ya kioo.

Baba Ciku akapiga tivi kofi. Lakini sauti ilikuwa bado ipo. Wenye tivi za betri wanajua kwamba picha hufa kwanza. Tukasikia gita, na tukamsikia Nyokabi akiimba habari za mama langoni. Mama Ciku alifunika mdomo kwa kanga. Ubeti wa kwanza ukaisha. Nikasubiri pumzi, na pumzi haikuja. Kiitikio kiliingia laini, bila kokoto hata moja. Katika daftari lile, ambalo bado ninalo, nimeandika: "Pumzi ameimeza. Amekomaa." Katikati ya ubeti wa pili sauti nayo ikazama, na tukabaki tunatazama kioo.

"Si ulisema imejaa?" Baba Ciku aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alinitazama tu, na ningependelea hasira.

Mama Ciku ndiye aliyeniokoa, kama ni kuokoa. "Kwani hamjasikia? Ameimba! Zuhura, andika ameimba."

Tukapigia makofi tivi iliyokufa. Kituoni kulikuwa na baa yenye tivi na jenereta, dakika tano kwa miguu, mbili kwa kukimbia. Nimeupima umbali huo mara nyingi. Sikukimbia. Nilikuwa na furaha, nilikuwa na chai, na safu ya Sikio ilitakiwa Thika asubuhi. Niliketi kwenye meza yetu kabla jua halijazama, nikaandika kile ambacho sikio lilisikia kidogo na kile ambacho macho yalikuwa yameona kila asubuhi mbele ya kioo kilichopasuka. Niliandika kwamba baada ya watu sita kutafuna hewa, mwanamke mmoja wa Gatuanyaga alifungua mdomo kama mtu anayefungua dirisha asubuhi. Niliandika jinsi taya lilivyoshuka kwenye neno "maji". Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Bwana Githinji alilisoma akiwa amesimama, akaandika kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu: MMOJA TU ALIIMBA.

Gazeti lilitoka Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi nilienda kununua nyanya, na mama wa mboga akaniuliza, "Huyo rafiki yako alikuwa na nini Jumapili? Amesimama tu pale, mdomo kufunga, na wimbo unaimba. Mbona aliaibisha watu hivyo?" Nikamwambia arudie. Akarudia, na akanionyesha: akasimama wima nyuma ya sukuma wiki zake, mikono chini, midomo imebanwa, akinitazama machoni.

Nyokabi alifika saa sita mchana. Alikuwa na gauni ndani ya mfuko wa karatasi. Gazeti lilikuwa mezani, naye alikuwa na nakala nyingine mkononi. Nyuma ya ubao Baba Ciku alikuwa akikoroma. Ugomvi pekee mkubwa wa maisha yetu, kwa hiyo, tuliufanya bila sauti. Alisimama karibu na mlango, nami karibu na stovu, na mtu aliyepita nje angedhani chumba hakina watu.

"Ulikuwa wapi?" midomo yake ilisema.

"Betri," nilijibu.

Akaniambia. Waliambiwa mlangoni kwamba kila mtu anaimbia kanda, hakuna mjadala. Kiongozi wa bendi akakubali. Yeye akakataa, akaambiwa hata akikataa wimbo utapigwa, basi apande. Akapanda. Jumatatu waandalizi walimwita ofisini aombe radhi. "Nikawaambia, ngojeni gazeti ya Thika," midomo yake ilisema polepole ili nisikose hata neno. "Nikawaambia kuna mtu ameona, na atawaambia watu kwa nini. Jioni wakaileta. Wakanisomea. Ati nimefungua kama dirisha." Alionyesha dirisha letu kwa kidole. "Walicheka mpaka mmoja akakaa chini."

Nilisema samahani. Nilisema ningeandika sahihisho. Alinitazama mdomo muda wote nilipokuwa nasema, kwa uangalifu, kama anayesoma barua ya benki. Kisha akageuka ukutani, na akigeuka hivyo kabisa sikuweza kumsoma, na alijua.

Bendi ilimwacha wiki hiyo hiyo. Jumamosi kaka yake alikuja na pikapu kutoka Gatuanyaga, wakabeba kitanda na sanduku. Stovu aliiacha. Sahihisho langu lilitoka wiki mbili baadaye, mistari mitatu, kando ya tangazo la vifaranga wa siku moja, na wakati huo mhariri wa gazeti moja kubwa alikuwa ameshampigia simu Bwana Githinji akiniulizia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu vifaranga. Nilihamia Nairobi mwezi wa kumi, wiki ambayo mvua kubwa zilianza, na nimeishi kwa kalamu ile hadi leo.

Jambo moja nililipata kabla ya kuhama. Niliporudisha betri ya Baba Ciku kwa Kariuki, ikae mpaka ijae safari hii, alisema kwamba yeye aliiona ile hafla kwenye baa, na kwamba watu wamesahau mwisho wake. Kanda ilipoisha, kabla kamera haijageuzwa, Nyokabi alichezesha midomo. Bila sauti, akitazama kamera. "Alisema kitu," Kariuki alisema. "Sasa maiki haikuwa imewashwa, na hata ingekuwa, hakutoa sauti. Nani atajua?" Nilisimama pale kibandani na toroli. Mtu hasemi bila sauti mbele ya kamera isipokuwa anamjua mtu mmoja, upande ule mwingine, anayeweza kumsoma.

Hivyo ndivyo nilivyoenda Gatuanyaga Januari. Mahema yalikuwa mawili, vumbi kama Mama Ciku alivyoahidi, na mshereheshaji aliyekuwa akisoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya kuuza mnada. Alifika mahali pa watoto. Kisha akatoa Biblia ya marehemu, akafungua, akachukua karatasi ya gazeti iliyokuwa imegeuka rangi ya chai. "Huyu mama," alisema, "alitembea na hii karatasi miaka yote." Akaisoma yote. Watu sita waliotafuna hewa. Dirisha. Taya na maji. Waombolezaji wakaguna kwa raha. Nyokabi alikuwa safu ya mbele, mvi zimejaa, akitazama mikono yake. "Na nimeambiwa aliyeandika yuko na sisi," mshereheshaji akasema. "Madam, simama usalimie watu."

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa salamu za rambirambi kwenye karatasi. Badala yake nikasema, "Mimi ndiye niliandika. Siku hiyo sikumwona. Betri yetu ilikufa. Nyokabi hakufungua mdomo, alikataa kuimbia kanda, na mimi nikaandika uongo." Hema lote likacheka, wakidhani ni mzaha wa watu wa magazeti, na mzee mmoja akapiga makofi. Nyokabi hakucheka. Aliinua uso.

Tulikutana kwenye foleni ya chakula, penye ndoo ya kunawia. Alinimwagia maji mikononi. Sauti yake imekwaruzika kabisa. Ana posho mill, kinu cha kusaga unga, kituoni, na miaka yote amekuwa akipiga kelele juu ya injini.

"Umenenepa, Zuu."

"Pole kwa mama."

"Asante." Akamwaga maji tena, ingawa mikono yangu ilikuwa safi. "Mama aliona, unajua? Siku ile. Alienda kwa jirani mwenye tivi. Aliona vile nilisimama."

"Basi karatasi aliweka ya nini?"

"Nilimwuliza. Akasema kila mtu aliona mdomo. Hiyo karatasi ndiyo ilisema vile huwa naimba." Alitikisa kichwa. "Alikuwa mgumu, huyo mama."

Nikamwuliza. Nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu kibanda cha Kariuki, na lilitoka bila mpangilio wowote. Nilimwuliza alisema nini mwishoni, kanda ilipoisha, alipotazama kamera.

Nyuma yake watu walikuwa wakipakua mukimo na mtu akamwita kwa jina, wageni wa Thika wanaondoka. Aliweka jagi chini. "Nilisema mara moja, Zuu," alisema. "Ungekuwa unaangalia." Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake uliolowa, akakibana, akaenda kuaga wageni.

Nimeuliza kituo cha televisheni. Mhandisi mstaafu aliniambia kwa upole kwamba juu ya kanda za miaka hiyo vilirekodiwa vipindi vingine mara nyingi, kwa sababu kanda zilikuwa ghali. Nimewarudia waliotazama. Kariuki anasema ilikuwa kama salamu. Mama wa mboga anashikilia kwamba yalikuwa matusi. Dada yake Mama Ciku, aliyekuwa Juja siku hiyo, anaamini ilikuwa sala. Wanakubaliana jambo moja tu, na nimeliandika daftarini chini ya lile jina lenye mistari miwili: ilikuwa fupi, ya kutosha jina la mtu na neno moja. Jina nadhani nalijua. Neno silijui.